Hereni za Uzi wa Buluu

Hapa dukani kwangu, mjini Khalil, nakata magauni ya kale yaliyotariziwa, kila kipande nakipachika kwenye fedha kiwe hereni. Jana Rudayna, anayeolewa Alhamisi, akachagua za buluu.

"We mtoto, una wazimu?" nikamfokea. "Buluu walitarizi wajane! Bibi harusi anavaa nyekundu. Shika hizi, usiniletee nuksi."

"Najua, shangazi. Nyanya yangu ndiye aliyenifundisha kutarizi."

"Sasa?"

Akachungulia nje. Mchumba wake, mzee aliyechaguliwa na baba mtu, alikuwa garini anapiga honi kwa hasira. Rudayna hata hakuharakisha. Akazivaa zile za buluu, akajitazama kiooni, akatabasamu.

"Zimenipendeza, eti? Acha nizizoee mapema."