Mama Aliitikia Vizuri

Karani wa ofisi ya barabara aliita jina kwa mara ya tatu, macho kwenye faili, mdomo nyuma ya kiganja. Mama hakugeuka. Binti yake, mshona mashuka ya hospitali, akamgusa goti. Mama akainuka upesi, akakiweka sawa kilemba chake.

"Niingie naye," binti alisema. "Masikio yake yamechoka. Usipomtazama usoni hapati kitu."

"Mwenye nyumba peke yake," karani alijibu. "Ndugu ndio mnaotuharibia vikao."

"Sitasema langu, kaka. Nitamrudia tu maneno yenu."

"Dada, kaa chini."

Akakaa. Angefanya nini, na mlinzi ameshasogea? Wiki nzima walikuwa wamefanya mazoezi jikoni. Barabara mpya ilitaka kupita juu ya nyumba yao ya vyumba viwili, yenye mlango wa kijani. Anayekataa, kesi yake inapelekwa mahakamani. Anayekubali, ukuta unapigwa X nyekundu, siku saba, nje. "Wakikuuliza kama unahama, mama, sema sikubali." Na mama alilisema, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Kupitia dirisha la kioo lililofunguliwa nusu, binti alimwona amekalishwa kando ya feni kubwa inayonguruma. Ofisa alisoma karatasi akiwa ameinama, haraka haraka. Akapumua. Mama akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Ofisa akaendelea. Mama tena, ndiyo, na tabasamu juu.

Binti akainuka, akasogea kwenye kioo. Tabasamu lile alilifundisha yeye, jamani, yeye mwenyewe! Kwenye misiba, kliniki, wageni wakija, alikuwa amechoka kurudia neno mara nne watu wakitazama. "We itikia tu kwa kichwa, mama, usituaibishe." Mama akashika somo kuliko mtoto wa shule. Siku hizi hata mezani aliitikia tu, na wote walifurahi kwamba nyumba imetulia.

"Mama, kataa!" Binti aligonga kioo. "Sema sikubali!"

Wazee wote waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Aliyeitwa hakugeuka.

"Dada, utatoka na pingu," mlinzi alisema, akamshika mkono.

"Hasikii! Hamwoni kwamba hasikii?"

Ofisa aliinua kichwa, akamtazama kwa utulivu, akafunga dirisha. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani: kuitikia kwa kichwa ni kibali. Kidole cha mama kikawekwa kwenye wino.

Alitoka anang'aa.

"Nimewaitikia kila kitu," alisema kwa sauti kubwa, kama kawaida yake. "Sikukuaibisha hata kidogo. Ila lile swali letu hawakuliuliza."

Binti alimshika kidole, akamfuta wino kwa ncha ya kanga. Karani alikuwa ameshaita mwingine, na mzee mmoja wa benchi alikuwa anauliza jirani yake, "Wameita nani?"

Getini walimkuta kijana wa ovaroli, mkono mmoja karatasi, mwingine kopo la rangi nyekundu na brashi. Alimwamkia mama. Akasimama mbele yake kabisa, akamtazama usoni, akasema taratibu, neno moja moja:

"Bibi, nyumba yenye mlango wa kijani, karibu na bomba la maji, napita wapi?"

Mama alimsikia yote. Uso ulimfunguka kwa furaha. Kwa siku nzima hakuna aliyezungumza naye hivyo. Akamshika mkono yule kijana, akaanza kumwelekeza.