Mpangaji Aliyepima Udongo

Mchina anayesoma Japani! Hilo peke yake lilimtosha Brigitte kulala jicho moja wazi. Kwani China hakuna shule? Mtu akitoka kwao akasomee kwa jirani, kisha atoke kwa jirani aje mpaka mtaa huu wa Katuba, huyo ana lake jambo. Brigitte alimpangisha chumba cha uani kwa sababu parokia ilimwomba, na kwa sababu binti mwenyewe, Wen, alikuwa na adabu kupita kiasi. Baadaye hata hiyo adabu aliitilia shaka.

Kiswahili chake Wen alikisomea Osaka, kwenye kitabu. Siku ya kwanza alimwamkia Brigitte "shikamoo", na Léa, binti wa Brigitte, mwenye mimba ya miezi sita, alicheka hadi akashika ukuta. "Maman, anasema sawa redio!"

Shida ikaja na udongo. Kila asubuhi Wen aliuchota uani, kijiko hapa, kijiko pale, akautia kwenye vifuko vya plastiki. Hilo lingevumilika, maana wasomi wana mambo yao. Lakini siku moja alitoa begini mashine yenye umbo la kikausha nywele cha saluni, akaielekeza chini, akaisoma. Brigitte alikuwa akichambua maharagwe, akauweka ungo chini. Mashine hiyo aliijua. Aliiona kwenye depo za wanunuzi wa madini, wachimbaji wanapoleta magunia yao.

"Njo ile banapimaka nayo teneur, madini iko ngapi!" jirani yake Katongo alimwambia juu ya ukuta. "Mbele banapima, banaona cobalt, kisha banakufukuza. Mama Léa, weye unalala na nyoka mu nyumba!"

Brigitte hakulala tena. Kiwanja hicho ndicho kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe, Anaclet: vyumba vitatu vya matofali na bustani ya lengalenga, mchicha wa huku, nyuma ya jikoni. Akinyang'anywa, atakwenda wapi na Léa, na mjukuu njiani? Mara mbili alifungua sanduku la Wen alipokuwa hayupo. Alikuta soksi, tambi za pakiti na picha ya mama mmoja aliyenuna. Masista walimfundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na sasa aliamini.

Jumapili baada ya misa akamketisha mpangaji wake uani.

"Wen, mwana yangu, sikia. Bachinois mingi beko mu mines."

"Hai," Wen akaitika, akiinamisha kichwa.

"Na ile mashini yako, minaiona kwa bale banapimaka madini."

"Hai."

"Basi uko natafuta cobalt mu parsele yangu?"

"Hai, hai…" Wen alikuwa bado anatafuta maneno.

Brigitte alisikia "haya". Haya basi, amekiri mwenyewe! Aliingia chumbani, akalitupa sanduku nje, akavichana vifuko na kumwaga udongo wote mlangoni. Katongo naye alikwisha kupanda juu ya kinu ili aone vizuri. Wen akapiga magoti, akikusanya udongo kwa viganja huku machozi yakimtoka.

"Sikusema ndiyo! Mama, sikusema ndiyo!"

"Minakusikia na masikio yangu!"

"Japani, mtu akikusikiliza anaitika hai, hai. Maana yake ninakusikia. Siyo kwamba amekubali." Akajifuta pua kwa mkono wenye vumbi. "Mimi mwenyewe nilidanganyika. Mwaka wa kwanza nilimweleza profesa utafiti wangu. Alisema hai kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nilitoka ninarukaruka. Nikafanya kazi majira yote ya baridi, na siku ya kuonyesha, mbele ya wenzangu wote, akaniuliza: nani alikuruhusu? Nililia chooni. Nilimchukia sana yule mzee. Sasa mimi nimekuwa yeye."

Brigitte hakutaka kumwonea huruma, ila huruma haiombi ruhusa. Wen aliendelea. Huko Osaka jirani mmoja, bibi kizee, alikuwa akifungua mfuko wa takataka wa Wen kila wiki, aone kama Mchina ametenganisha chupa na karatasi. "Nilitenganisha vizuri kuliko wote mtaani. Bado alifungua."

Brigitte akakumbuka zile soksi, akaona haya. Lakini shaka haikumtoka.

"Kama siyo cobalt, ni nini sasa?"

Wen akaitazama bustani, akautazama mlango wa jikoni.

"Ninasomea udongo wa mijini. Nilitaka kuhakikisha kwanza, nisikutishe bure. Mashine inaonyesha risasi."

"Masasi? Nani alizika masasi kwangu?"

"Siyo za bunduki. Plomb, madini ya risasi. Nyingi sana, hasa pale nyuma ya jikoni. Ni sumu, mama. Mtu aliwahi kuyeyusha betri hapa?"

Akilini Brigitte alimwona tena Anaclet amechuchumaa pale pale, singlendi imeloa jasho, akipasua betri kuukuu za magari, akiyeyusha risasi ya ndani, akiimimina kwenye vikopo vidogo kupata vipande vizito vya kuzamisha nyavu. Wafanyabiashara wa samaki walivipeleka Pweto, kwa wavuvi. Kila tofali la nyumba hii lilitokana na kazi hiyo. Alipofariki, Brigitte alipanda lengalenga mahali pale kwa sababu palikuwa tayari pamesafishwa. Na Léa, tangu ashike mimba, hatamani mboga nyingine.

Afadhali ingekuwa cobalt, aliwaza. Afadhali wangekuja na matingatinga yao wamfukuze.

Léa akatoka jikoni na kisu na sahani, akaelekea bustanini.

"Léa! Usikate! Iko sumu mu udongo!"

"Sumu ya nini?" Léa akasimama. Aliuona udongo uliomwagika, sanduku lililopinduka, Mchina aliyepiga magoti, na uso wake ukabadilika. "Ah! Minasema mimi! Ule Muchinois ametia sumu mu udongo yetu?"

Katongo aliinua shingo juu ya ukuta. Wen alimtazama Brigitte. Lilikuwa jambo jepesi kabisa, neno moja tu, ndiyo, na Katuba nzima ingeliamini kabla jua halijatua, na Anaclet angebaki safi kaburini.

Brigitte alikichukua kisu mkononi mwa binti yake.

"Apana," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya ukuta. "Ni baba yako."