Aliyetaka Kuitwa Jina Lake

Moreshwar alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani, nayo haikuwa kubwa: alitaka kumsikia mkewe akimtaja jina.

Mtu wa mbali atacheka. Lakini katika Mtaa wa Wafua Shaba, pale Pune, India, mke hamtaji mumewe. Humwita “Aho”, na kila mume wa mtaa ni Aho, kwa hiyo mwanamke mmoja akiita dirishani hugeuka wanaume watano. Jina la mume hutajwa siku ya harusi, ndani ya ubeti wa kutunga, tena baada ya kubembelezwa sana. Siku ya harusi yao Indumati alilitaja. Bahati mbaya vijana wa mtaa walikuwa wakigonga masufuria kwa nyundo kumshangilia bwana harusi, na bwana harusi akaona midomo ya mkewe ikichezacheza, basi. Tangu siku hiyo kazi ya nyundo ikamla masikio kidogokidogo, mpaka akawa hasikii hata honi ya lori lililomkaribia kisogoni.

Sasa alikuwa anatimiza miaka sitini. Kwao mtu akifika hapo huvishwa shada upya na mkewe mbele ya jamaa, kama maarusi, na mke hutakiwa kutaja jina tena. Ndiyo maana Moreshwar, mbishi asiyekubali hata kukatwa kucha na mtu, alikubali kupelekwa na bintiye Vasudha kwa daktari wa masikio, akatoka na vidude viwili vya rangi ya ngozi nyuma ya masikio.

Ee, jamani! Alidhani atasikia watu. Alisikia vitu. Friji lilinguruma kama lina kesi naye. Sufuria ya presha ilipopiga mluzi alimwaga chai. Kandambili za Indumati, kunguru wa dirishani, kijiko ndani ya kikombe, karatasi ya gazeti, nyundo za mtaa mzima, vyote vilimjia pamoja na kwa nguvu ileile, na katikati ya ghasia hiyo maneno ya mkewe yalikuwa kama punje ya mchele iliyoangukia mchangani.

“Rudisha haya madude,” alimwambia Vasudha. “Nilikuwa kiziwi mwenye raha. Sasa ni kiziwi mwenye kelele.”

Vasudha akamrudisha kwa daktari. Daktari alikuwa msichana mdogo, mcheshi, asiyeogopa wazee.

“Baba, sikio ni mlango tu,” alisema. “Anayesikia ni ubongo. Wako umekaa miaka mingi bila wageni. Leo mlango umefunguliwa, wameingia wote kwa mkupuo, na umesahau yupi wa kumpa kiti na yupi wa kumwacha uani. Ukivivaa kutwa utakumbuka. Friji litanguruma, wewe hutakuwa na habari nalo.”

“Na nikivivaa siku ya sherehe peke yake?”

“Siku hiyo utasikia viti vikiburutwa.”

Moreshwar alirudi nyumbani na kununa kwake. Vumilia leo, vumilia kesho, hata siku moja jirani alipokuwa akikata bati, akavivua mbele ya watu wote wa nyumba, akavitia kwenye kisanduku na kuapa kwamba havigusi tena mpaka siku ya sherehe.

“Afadhali,” Indumati alisema kwa ishara ya mkono. “Sura yako imekuwa chungu wiki nzima.”

Kuapa ni rahisi. Usiku ule Moreshwar aliyafikiria maneno ya binti daktari, akaona kwamba kwa kiapo chake mwenyewe amejinyima kile alichokuwa anakitafuta. Lakini kurudisha kauli mbele ya Indumati? Bora afe. Ilikuwa baridi ya Desemba, na wazee wa Pune hawatoki bila kofia ya sufi inayofunika masikio hadi kidevuni. Asubuhi akavaa vidude vyake kwanza, kofia juu, akashuka karakanani kama kawaida. Sufi ilimkwaruza masikioni kama panya kwenye gunia. Akauma meno.

Siku zikapita hivyo, naye amejifungia na kelele zake chini ya kofia. Kisha asubuhi moja jikoni aliona kuna jambo limepungua. Friji limekufa! Alitaka kupiga kelele, akakumbuka kwamba kiziwi halalamikii ukimya. Akaenda akaliwekea kiganja ubavuni, jinsi wafua shaba walioziba masikio wanavyopima mtungi kwa mkono. Lilikuwa linatetemeka kama siku zote. Lilikuwa likinguruma tangu jana, na juzi, ila yeye ndiye aliyelisahau. Moreshwar alisimama pale mkono ukiwa juu ya friji, akicheka peke yake.

“Aho! Unaliposa?” Indumati alimpigia ukelele.

Baada ya friji waliondoka kunguru. Panya wa kwenye sufi naye akahama. Hata nyundo za mtaa zikajiweka nyuma, mahali pake.

Ilikuwa saa nne hivi. Moreshwar alikuwa amepakata mtungi, akiupigapiga kwa nyundo ndogo ili uote vile vidoti vinavyong'aa, na vidoti hivyo havitaki mkono wenye haraka. Nyuma yake, kizingitini, Indumati alikuwa ameketi na sinia la njegere mbichi, akiambua. Ganda moja likalia ta, akalisikia. Kisha akasikia jingine.

“Nyoosha mgongo, Moreshwar. Usiku utanililia mimi.”

Nyundo ikapotea njia. Kidoti kimoja kilikwenda upande, na mpaka leo kiko upande.

“Na shali umeiacha tena juu. Ukikohoa nitakucheka, Moreshwar wangu, ujue.”

Alisema bila kuinua uso, huku akiambua njegere zake. Jina halikumtoka kwa aibu wala kwa kujikaza, lilimtoka kwa wepesi wa neno la kila siku. Hapo ndipo Moreshwar alipoelewa. Huyu mwanamke amekuwa akimtaja miaka na miaka, hapohapo kisogoni, kwa kuwa alijua kwamba hasikii. Alitaka kugeuka, amkumbatie mbele ya mtaa wote. Lakini alimjua Indumati. Akigundua kwamba amesikika, atajifunika uso kwa upindo wa sari, na jina hilo hatalitamka tena mpaka siku ya kuchomwa maiti zao.

Basi hakugeuka. Machozi yalimdondoka ndani ya mtungi, naye akaendelea kugonga.

Sherehe ikafika. Safari hii Moreshwar alivaa vidude vyake hadharani, na alikuwa amekwisha kuwakataza vijana wa mtaa wasije na nyundo. Mashada yakavishwa. Wanawake wakaanza kumchokoza Indumati: “Jina! Jina! Hatuli mpaka tulisikie!” Vasudha, kwa huruma yake, akamletea mama yake maikrofoni ili baba asikose hata herufi. Indumati akainamisha kichwa, akaanza:

“Maji ya mtungi wa shaba hayapungui utamu…”

Maikrofoni ikapiga yowe. Vidude vikalipeleka yowe hilo moja kwa moja mpaka kwenye fuvu, na Moreshwar akavinyofoa vyote viwili kwa mikono miwili. Alipoinua macho, ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Ubeti ulikuwa umekwisha.

Vasudha alikaribia kulia. “Aai, mama yangu, rudia, tafadhali! Baba hakusikia!”

“Jina hutajwa mara moja kwa sherehe,” Indumati alisema, mashavu yakimuiva.

“Mwache mama yako,” Moreshwar alisema, akivitia vidude mfukoni. “Mimi nimeridhika.”

Watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Shangazi mmoja alijifuta machozi. Yeye akaomba aongezewe mkate wa dengu tamu, akala vizuri sana.

Kesho yake asubuhi kofia ya sufi ilikuwa kichwani mapema, vidude chini yake, na mtungi mapajani. Kandambili zikashuka ngazi, zikasimama nyuma yake.

“Moreshwar,” alisema Indumati polepole. “Chai, bwana harusi wangu.”

Nyundo haikusita. Moreshwar akangoja.

“Inapoa, Moreshwar.”

Mkono ukamgusa begani, na sauti ikapanda mpaka kwa majirani: “Aho! Chai!”

Moreshwar akageuka kwa kushtuka, akakunja uso.

“Sikusikia,” alisema. “Umesemaje?”