Ajali ya Tano

Kulipopambazuka Eulalia alikuwa bado upande wa kambi ya wachumaji, mkasi wa zabibu mfukoni, akisubiri magari yapungue. Hayakupungua. Tangu tajiri mmoja ajenge nyumba mia sita palipokuwa shamba la lozi, barabara hii ya bonde la California haikupata kupumua. Watu walivuka mbio kwenda kwenye mizabibu ng'ambo, wazee wakiburutwa mkono. Aliyechelewa alikuta ndoo yake kapewa mwingine.

Dada yake, Chayo, alivuka mbio tarehe nane Agosti. Hakufika. Aliyemgonga alilia sana, akapewa maji, akaenda zake.

Baada ya mazishi Eulalia alikwenda ofisi ya mji kumwona Whitlock, mhandisi wa barabara. Kibali cha nyumba zile kilimtaka mjenzi aweke taa za kuongozea magari iwapo watu mia wangevuka ndani ya saa moja. Whitlock alimweleza kwa upole unaoudhi kwamba walihesabu, wakapata kumi na mmoja.

"Mlihesabu lini, bwana?"

"Januari. Siku ya kawaida ya kazi."

"Januari mizabibu imelala. Sisi sote tuko kwetu Michoacán, ng'ambo ya mpaka. Tunarudi Februari, tukishakula tamale za sikukuu ya Candelaria."

"Basi hamkuvuka, mama."

Eulalia hakuinuka kitini. Whitlock akafungua faili, akamwonyesha kwamba ipo njia nyingine ya kupata taa: ajali tano za kuumiza watu katika miezi kumi na miwili.

"Mnazo nne, pamoja na ya dada yako," akasema, na akatabasamu kumtia moyo. "Hamko mbali."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikula nayo, akachuma nayo, akalala nayo. Wanawake wenzake walimsihi amwachie Mungu. Yeye hakutaka kumwachia Mungu. Alimwomba tu amkutanishe na mhandisi yule.

Mwishoni mwa Septemba wakubwa wa mji walikuja kuzindua awamu ya pili ya nyumba. Askari wawili walisimamisha magari ili wageni wavuke kwa raha upande wa kambi, ambako lango jipya la nyumba hizo lilionekana lote na maputo yake. Wageni walipiga picha, wakarudi kwenye keki, na askari nyuma yao. Alibaki Whitlock. Alimwona mwanamke amesimama kando ya barabara, akampa simu ampige picha, lango liwe nyuma yake. Hakumtambua.

Eulalia aliinua simu. Mikono yake ilinata maji ya zabibu.

"Kichwa chako kinaziba lango, bwana."

Whitlock akarudi hatua mbili, visigino vikagusa mstari mweupe wa ukingo wa barabara. Kushoto, lori la zabibu lilikuwa linateremka na shehena yake, na dereva wake hana desturi ya kupunguza mwendo hapo. Eulalia aliliona vizuri.

"Bado kidogo," akamwambia. "Rudi nyuma."

Whitlock akakaza tai, akatabasamu, akainua mguu.