Sehemu Iitwayo Adabu

Jumamosi stima iliporudi na balbu kuwaka, Mwalimu Fabian Waliaula alipangusa kibodi, akawasha kompyuta yake kuukuu na kumwambia mkewe Lornah alete mandazi, kwa kuwa wageni walikuwa wamefika. Walikuwa wanachama wa Ubao, mahali pa watu wanaopenda kompyuta za zamani. Mwanachama aliingia kwa laini ya simu akiwa kwake, akasoma ujumbe wa wenzake kwa herufi za kijani kwenye kioo cheusi, kisha akaandika wake. Kihariri walichoandikia, yaani programu ndogo iliyopokea maneno yao kabla hayajapandishwa ubaoni, alikitunga Mwalimu mwenyewe. Siku hiyo alikuwa anaachilia msimbo wake, mistari yote ya ndani, ili yeyote auone, auchukue na kuutengeneza apendavyo.

"Sina cha kuficha," alisema, akabonyeza.

Herufi zilianza kutoka kupitia feni ya kompyuta. Zilitoka kwa mstari kama wadudu wa ziwani, zikazunguka balbu, zikapita dirishani kuelekea soko la Kibuye. Nukta-mkato zilibaki kwenye pazia kwa kuwa ni nzito, na Lornah akazifagia. Wageni walifunika soda zao kwa viganja, wakangoja zipite.

Akello, fundi wa cherehani kutoka mtaa wa Manyatta, ndiye pekee aliyeisoma mistari ikipita. Sehemu moja ndefu iliitwa Adabu. Iliagiza kwamba lalamiko lolote ligeuzwe shukrani.

"Mwalimu," alisema, "tangu mwaka jana naandika hapa kwamba maji taka yanaingia kisimani kwetu. Mama yangu akaanza kuharisha, nikaandika. Kumbe mlikuwa mnasoma nini?"

"Kwamba mnashukuru kwa maji mengi," alijibu Byron, mwanachama wa siku nyingi, huku akitafuna mandazi. "Nilifurahi sana kwa ajili yenu."

Mwalimu hakukana. Kompyuta yake ilikuwa zawadi ya Bwana Obonyo, mkandarasi wa mabomba ya mtaa wa akina Akello, naye aliomba jambo dogo tu, lugha ya heshima.

"Na tahajia pia nilikurekebishia," Mwalimu alisema. "Hiyo hujaitaja."

Kufikia Jumatatu herufi zilikuwa zimetua midomoni mwa watu. Pale Kibuye, mama aliyeuziwa nyanya zilizooza alipanua kinywa amgombeze muuzaji, akasikika akimbariki. Waliolalamika kwa Dholuo walitoa *ero kamano*, yaani asante. Mwalimu ni mtu wa Bungoma na Dholuo haijui vizuri, lakini shukrani ya lugha hiyo alikuwa ameiweka. Hakuna aliyeshtuka. Watu walisema mji umetulia. Bwana Obonyo alipewa cheti cha utumishi bora, kwa ushahidi wa wananchi wenyewe.

Akello alijaza chupa maji ya kisima, akaenda ofisini kwa Obonyo. Njia nzima alikuwa akipanga maneno.

"Bwana Obonyo," alisema, "tunakushukuru kwa kazi nzuri."

Machozi yalimtoka. Akaweka chupa mezani. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kitu kilielea ndani. Obonyo aliitazama chupa, akaguswa.

"Hata zawadi umeniletea," alisema, akamwita karani awapige picha.

Ilikuja kujulikana kwamba herufi hazivuki daraja la Sondu, mpakani mwa kaunti, kwa sababu Mwalimu aliandika kaunti moja tu kwenye msimbo. Akello alifunga cherehani, akapita Katito, akavuka daraja, akasimama karibu na wauza mananasi. Hapo alisema yote: kisima, mtaro, mama yake, Obonyo. Alisema mpaka sauti ikakauka. Wale wanawake waliacha visu wakamsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, dada," mmoja alimwambia. "Lakini hilo bomba si letu." Akamkatia kipande cha nanasi.

Kabla hajavuka kurudi alimpigia Mwalimu simu, akataka Adabu iondolewe. Msimbo ulikuwa wa wote, hilo Mwalimu alikubali; ila ilibidi wanachama wapige kura. Wakakutana tena sebuleni kwa Mwalimu. Byron, ambaye sasa naye alikuwa akiharisha, alisimama wa kwanza. Alitaka kusema iondolewe.

"Idumu," alisema, akashika tumbo, akaketi.

Wote walisema idumu, wengine wakilia, na Akello akasema idumu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwalimu alisema hajawahi kuona wanachama wenye umoja namna hiyo.

Jioni Akello alimkuta mama yake, Mama Ajwang, amelala sakafuni, midomo imepasuka kwa kukauka.

"Niko salama, nyathina, mwanangu," mama alisema. "Maji ni matamu."

Akello alimgusa paji la uso, likamchoma. Akambeba mgongoni mpaka barabarani, wakapanda bodaboda hadi zahanati.

"Anaumwa nini?" nesi aliuliza.

"Haumwi," Akello alisema. "Tunashukuru."

Nesi alikuwa ameshazoea. Hakungoja maelezo. Alitafuta mshipa wa Mama Ajwang, akaupata kwa shida, akatundika dripu. Kisha akamwomba Akello amsaidie kuwasogeza wale wazima wengine, waliolala wawili wawili kitandani, ili huyu mzima naye apate nafasi.