Mkwe Jikoni

Wageni wa kulipa walikuja kila Ijumaa, na kila Ijumaa Nekoye aliamka mgongo umeshachoka kabla ya kazi. Memsaab alikuwa ameanza kupokea wazungu wa Nairobi na Mombasa katika shamba lake huko juu ya Molo. Walilala, wakala, wakatembea kando ya ngano, kisha wakarudi mjini wakisema wamepumzika.

"Naivasha wana viboko na boti," memsaab alizoea kulalamika. "Kitale wana farasi. Sisi tuna nini, Nekoye?"

"Baridi, memsaab."

"Tuna mkate wako. Na maji moto ya kuoga."

Tangu azikwe mumewe, Nekoye alishika jiko lile, akiomba kabla ya kuwasha moto. Lakini wageni waliongezeka, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema mpishi mwingine atafutwe kwao, upande wa Bungoma. Makokha, nyapara wa shamba, akaenda likizo, akarudi na kijana hodari aliyewahi kupika Jinja.

Nekoye alimwona akishuka kwenye lori. Akajifunika uso kwa leso, akapita nyuma ya zizi. Alikuwa Wamalwa, mume wa binti yake.

Kwao Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawasimami chini ya paa moja.

"Mama, ningejuaje?" Makokha alijishika kichwa. "Hakuniambia ameoa wapi!"

"Hukuuliza ukoo. Uliuliza supu tu."

Basi wakafanya ujanja. Nekoye alikanda unga nje, akaacha mikate dirishani, akakohoa, akaondoka. Ndipo Wamalwa alipofungua dirisha. Akikosa kitu, aliiuliza sufuria kwa sauti: "Wewe sufuria, chumvi iko wapi?" Naye Nekoye akamjibu kuku aliyepita: "Nyuma ya majani ya chai, kwenye kopo." Kimaiyo, mchunga kondoo, alicheka mpaka akakaa chini.

Memsaab hakucheka. Alidhani wamegombana.

"Kesho wageni wanataka kuona mkate ukiokwa," alimwambia Nekoye siku ya Alhamisi. "Nyinyi wawili mtasimama jikoni pamoja. Mkishindwa, mmoja ataondoka shambani."

"Si ugomvi, memsaab. Ni heshima. Huyu ni mkwe wangu."

"Kumbe ni jamaa! Vizuri zaidi."

Nekoye alichoka kueleza. Akiondoka yeye, hana kwingine. Kibanda chake ni cha shamba. Akiondoka Wamalwa, binti yake mwenye mimba atakula nini? Alipiga magoti kando ya ghala. Hakuomba njia, maana njia aliiona. Aliomba nguvu ya kuifuata.

Nyuma ya nyumba palikuwa na pipa la kuchemshia maji ya kuoga. Mburu ndiye aliyekuwa akilishughulikia, mpaka askari walipomchukua pamoja na Wakikuyu wenzake katika msako wa Hali ya Hatari. Tangu siku hiyo wageni walioga maji vuguvugu.

"Wamalwa ataoka," Nekoye alimwambia memsaab. "Mimi nipe pipa."

"Kuni na moshi? Hiyo ni kazi ya mwanamume."

"Nipe tu." Memsaab akakubali, maana wageni walikuwa wakilalamikia maji.

Jioni ile alikaa nje, akaufundisha ukuta wa jikoni. "Ukuta, usiharakishe. Unga ukande mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio. Ukiumuka, upige, uache tena." Ndani, mikono ilisikika ikipiga unga.

Ijumaa wageni walisifu mkate. Nekoye alizisikia sifa zile akiwa na debe la maji kichwani na moshi machoni. Hakuna aliyemtaja.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye kuni akijua mikono yake haiwezi tena shoka. Akakuta magogo yamepasuliwa membamba, yamepangwa kando ya pipa. Juu yake palikuwa na kitambaa safi, na ndani yake kipande cha mkate.

Jikoni mtu alikohoa, dirisha likafungwa.

Nekoye aliinamisha kichwa, akashukuru, akala taratibu. Kuku akamsogelea.

"Chumvi imezidi kidogo," akamwambia kuku, kwa sauti ya kufika dirishani. Kisha akawasha moto.