Kostiki Iliyozidi

Ijumaa asubuhi mwalimu Vestina aliandika ubaoni mlingano wa sabuni: molekuli moja ya mafuta hula tatu za kostiki, yale magadi makali yanayounguza, si zaidi. Kwa hesabu hiyo, gramu mia za mawese hutaka kama gramu kumi na nne za kostiki. Mche wa sabuni aliouweka mezani ulitiwa gramu ishirini kwa kila mia.

"Sita zilizozidi ziko wapi?" aliuliza.

"Zimebaki ndani ya sabuni," darasa likajibu.

"Ndiyo. Hazipotei. Zinangoja mafuta."

Mche ule ulitoka kwenye karakana ya Rugaibula, Kemondo. Joviana, mdogo wake Vestina, alikuwa mkorogaji pale. Siku moja alinawa uso kwa sabuni mpya, jicho la kulia likaungua, likawa jeupe. Rugaibula alikuwa amemimina kostiki bila kupima ili sabuni igande haraka. Alisema msichana alikuja na macho dhaifu, akaajiri mwingine.

Jumapili mvua ilimkuta Rugaibula akitoka kanisani, shingo yake ikatoa povu. Waumini walimshika mkono asiteleze. Kostiki iliyozidi kwenye miche yote aliyouza, kuanzia Ngenge hadi Bukoba mjini, ilikuwa imerudi kwake, maana yeye ndiye aliyekuwa na mafuta.

Jioni alifika kwa Vestina, Rwamishenye.

"Waitu, mwalimu wetu, nisaidie."

"Una kilo ngapi?"

"Mia na kumi."

Vestina alimtazama tumbo, akakadiria mafuta kilo thelathini na tano. "Utatoa sabuni kilo thelathini na sita hivi, na gliserini kidogo."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Siki huzima kostiki." Akaishusha chupa kutoka rafuni. "Mwombe Joviana radhi, nikupe."

Joviana alikuwa palepale, akimenya ndizi. Rugaibula alilitazama lile jicho jeupe.

"Macho yake yalikuwa dhaifu tangu zamani," akasema.

Vestina akatoka uani, akaimwaga siki yote chini, taratibu, huku Rugaibula akiangalia. Usiku huo Vestina alilala usingizi mzuri, wa kwanza tangu Joviana aungue.

Rugaibula alinunua siki nyingine dukani, lakini kila chupa ilimteleza mikononi ikavunjika. Kabla ya mavuno ya kahawa kwisha, aliganda kitini, sabuni mwili mzima. Mkewe, Klaudia, alimkata miche kwa waya, akampeleka sokoni Muleba. Wateja walimsifu kwamba hawashi.

Vestina alinunua mche mmoja, akaupima maabarani. Hakukuwa na kostiki iliyobaki hata chembe. Joviana aliuogea.

"Ana povu laini," alisema, akijifuta uso. Jicho halikuona kitu.

Wiki hiyohiyo, kule Kemondo, Klaudia alimpokea mkorogaji mpya, msichana wa Ngenge aitwaye Kokugonza, akamwonyesha pipa la mawese na gunia la kostiki.

"Niweke kiasi gani, mama?"

"Mimina tu," Klaudia akamwambia. "Kupima kunatuchelewesha."